Soka la milimani linalolala uvunguni kwa katibu

Filimbi ya mapumziko ikilia kwenye kiwanja cha milimani Lushoto, mara nyingi hakuna anayekimbilia vyumbani. Vyumba hakuna. Timu moja inakwenda chini ya mkaratusi ulio nyuma ya goli, nyingine inakaa kwenye mteremko upande wa pili, na mwamuzi anabaki na wasaidizi wake katikati ya uwanja, wameshika chupa za maji, wanajifanya hawasikii wanayoambiwa na mashabiki.

Sheria za soka zinaruhusu mapumziko yasiyozidi dakika 15. Kwa mchezaji wa Tanga mjini dakika hizo ni za kupoza mwili. Kwa mchezaji wa Lushoto, mita zaidi ya 1,300 juu ya usawa wa bahari, mwezi wa saba, ukungu umeshuka hadi kwenye mwamba wa goli, dakika hizo ni za kutetemeka. Jasho linageuka barafu mgongoni. Anayeingia kipindi cha pili ni mtu mwingine kabisa, misuli imekaza kama kamba ya katani.

Kuna hili pia: kocha akiongea chini ya mti, anaongea na kijiji kizima. Watoto wamejipanga nyuma yake, wazee wamesogea kusikiliza, na miongoni mwao hakosekani shabiki wa wapinzani. Kabla ya kipindi cha pili kuanza, upande wa pili wanajua nani anatoka, nani anaingia, na kwamba beki wa kushoto kaambiwa asipande tena. Mbinu gani hiyo?

Lakini balaa lenyewe linaanza baada ya mechi. Jezi mbichi zinakusanywa kwenye kiroba. Mipira miwili, pampu, nyavu za goli, vibendera vya kona, vyote vinabebwa kichwani hadi nyumbani kwa katibu, vinasukumwa uvunguni mwa kitanda. Kombe la mbuzi la mwaka juzi liko sebuleni kwa mwenyekiti, juu ya kabati la televisheni. Daftari la wanachama, kama lipo, liko kwenye begi la mweka hazina. Katiba ya timu, ile iliyoandikwa ili kupata usajili, kila mtu anajua ipo na hakuna anayejua iko wapi.

Sasa katibu akipata kazi Handeni, au akigombana na mwenyekiti, au akifariki, timu imekwisha. Siyo kwamba wachezaji wameacha kucheza, la hasha. Wapo, kila jioni wanapasha. Ila jezi zimekwenda, nyavu zimekwenda, daftari limekwenda, na mjane hana habari kile kiroba ni mali ya nani. Miezi sita baadaye kijana mwingine anaanzisha timu mpya kwenye kiwanja kilekile, jina jipya, rangi mpya, michango mipya. Mashabiki wa milimani wanaweza kuhesabu timu ngapi zimekufa hivyo. Huenda hata wewe unayesoma hapa umewahi kuchangia jezi mbili au tatu zilizopotelea uvunguni.

Mtu atasema ni umaskini. Haya, tuzunguke mji kidogo.

VIBANDA TUNAVIJUA KUJENGA

Anayepanda kutoka Mombo, ile barabara ya kona ya kilomita 33 hivi inayopita Soni kwenye maporomoko, hatakosa kuona njiani vibanda umiza. Mabanzi, bati, mabenchi, dishi juu ya paa, ubao wa chaki nje: leo saa ngapi Arsenal, saa ngapi Manchester United. Jumamosi jioni hakuna pa kuweka mguu. Kile kibanda hakikuchorwa na msanifu wala hakikufunguliwa na mgeni rasmi. Fundi mmoja na vijana wawili, wiki moja, kimesimama, kinaingiza pesa.

Matawi ya Simba na Yanga nayo ni hivyohivyo. Sehemu kubwa ya nchi hii ukuta ukipakwa nyekundu na nyeupe au kijani na njano, ukawekwa benchi chini yake, tayari ni makao. Wanachama wana pa kukutana, pa kubishana, pa kuweka bendera. Na kilabu cha pombe? Hakijawahi kukosa paa. Hata neno lenyewe linatuumbua: ukimwambia mzee wa kijijini unakwenda "kilabuni", hafikirii mpira, anafikiri boha.

Kwa hiyo paa la kuangalia soka la Uingereza lipo, la kushangilia soka la Kariakoo lipo, la kunywea lipo. Lisilokuwepo ni la ile timu ya kijiji inayocheza pale nje.

Mkoa wenyewe huu ni wa Wagosi wa Kaya. Coastal Union, mabingwa wa Tanzania mwaka 1988, wanaitwa hivyo, na kundi la muziki la Tanga nalo likachukua jina hilohilo. Mgosi kwa watu wa huku ni mwanaume. Kaya ni nyumbani. Wanaume wa nyumbani. Ukitoka Mkwakwani ukapanda milimani, unawakuta wagosi wengi tu, kaya ndiyo haipo.

GOFU INAINGIAJE HAPA?

Shabiki wa soka akisikia gofu anageuza ukurasa. Mchezo wa mabosi ule, fulana yenye kola, gari kubwa, mtu mwingine anakubebea mkoba wa fimbo. Siyo uongo sana. Hapa kwetu klabu za Gymkhana zilianza kama sehemu za Wazungu wa enzi za ukoloni, na mpaka leo ukipita Gymkhana ya Dar es Salaam, pale karibu na bahari, unaona ukuta kwanza kabla ya kuona majani.

Ila gofu ina jambo moja ambalo soka la mitaani halina: haikubali klabu bila nyumba. Na siyo lazima nyumba iwe kubwa.

Sababu ni mchezo wenyewe ulivyo. Mzunguko wa mashimo 18 unaweza kuchukua saa nne na ushee. Watu hawaanzi pamoja wala hawamalizi pamoja; wanatoka kwa makundi madogo, wengine asubuhi, wengine mchana. Hakuna jukwaa, na mwamuzi hamfuati kila mchezaji. Kila mmoja anarudi na kadi yake ya alama, imesainiwa na aliyecheza naye, na lazima pawe na mahali pa kuipeleka. Pawe na ubao wa matokeo, na rekodi ya viwango vya wachezaji, maana gofu inampa mchezaji dhaifu nafuu ya mikwaju ili ashindane na mkali, na nafuu hiyo hutoka kwenye kumbukumbu za mechi zilizopita. Daftari likipotea, haki imepotea. Radi ikianza, watu wanahitaji pa kukimbilia, kwa sababu mtu aliyesimama uwanda wazi na fimbo ya chuma mkononi anaitafuta radi mwenyewe. Wakishamaliza, wanataka kukaa na kusimuliana uongo kuhusu mpira uliopita sentimita mbili pembeni ya shimo. Sehemu hiyo ya vinywaji wenyewe wanaitania "shimo la 19".

Ukiyatazama mahitaji hayo, hakuna linalodai marumaru. Dirisha la kupokelea kadi, kabati lenye kufuli, paa, choo, birika la chai. Basi.

Ndiyo maana duniani zipo klabu za gofu zenye nyumba ambazo ukizipita haraka utadhani ni stoo ya mbolea. Uskoti, kwao na mchezo huu, visiwa na vijiji vingi vina viwanja vya mashimo 9, na mtu anayetaka 18 anazunguka mara mbili. Kisiwa cha Harris, upande wa magharibi, kina kimoja hapo Scarista, kando kabisa ya Atlantiki, upepo wa kung'oa kofia. Huko mgeni akifika akakuta hakuna mtu, hasubiri. Kuna sanduku la uaminifu: unatumbukiza ada yako, unaingia kucheza. Siku moja alifika Nick Faldo, Mwingereza aliyebeba taji la The Open mara tatu, 1987, 1990 na 1992. Naye akalipa kama wengine, akaacha noti ya pauni 5 yenye saini yake. Wanachama hawakuitia benki. Waliifanya kitu cha kushindaniwa kila mwaka.

Fikiria kombe lako ni noti ya pauni 5, na watu wanaligombea. Wangekuwa hawana kibanda cha kuitunzia, ingekuwa imenunuliwa mkate.

Na wale wanaodhani jumba kubwa ndilo linalozaa mchezo mkubwa, waende St Andrews, hukohuko Uskoti. Lile jengo la mawe linaloonekana kwenye televisheni nyuma ya shimo la kwanza lilijengwa mwaka 1854 na ni la klabu ya R&A. Lakini uwanja siyo wao. Uwanja ni wa umma, unaendeshwa na taasisi iliyoundwa kisheria mwaka 1974, na klabu kadhaa za wenyeji wanautumia wote, kila moja na nyumba yake jirani. Kwa kawaida Jumapili uwanja ule maarufu kuliko yote hufungwa, wenyeji wanapita katikati yake wakitembeza mbwa. Uwanja wa wote, nyumba ya kila klabu. Hilo kwa Lushoto, ambako tambarare ni adimu na kiwanja kimoja kinagombewa na timu tatu na shule, lingefaa lisomwe mara mbili.

Karibu na nyumbani pia mifano ipo. Moshi na Morogoro gofu imechezwa miaka mingi kwenye viwanja vya mashimo 9. Mufindi kiwanja kimekaa katikati ya mashamba ya chai, baridi kama ya Lushoto. Jinja, Uganda, klabu ilijulikana kwa kanuni ya wenyeji kwamba mpira ukidumbukia kwenye unyayo wa kiboko unaruhusiwa kuutoa bila adhabu. Kanuni kama hiyo mtu hawezi kuitungia chini ya mti. Inaandikwa, inabandikwa ukutani, na ukuta lazima uwepo.

JANGWANI NA MSIMBAZI

Tusidanganyane lakini, soka letu halikuanza bila nyumba. Wakubwa wawili wa Kariakoo walilielewa hili mapema. Yanga, iliyoanzishwa 1935, ina jengo lake Jangwani. Simba, ya 1936, ina lake Mtaa wa Msimbazi. Katika simulizi za majengo yote mawili jina la Mzee Abeid Amani Karume halikosekani, huyohuyo ambaye kwa ushauri wake Sunderland ikawa Simba mwaka 1971. Kwa miaka mingi wachezaji waliweka kambi ndani ya jengo la Jangwani, wakafanya mazoezi uwanja wa Kaunda hapo ubavuni. Mgogoro ukizuka, na ilizuka kweli, kitu cha kwanza kilichogombaniwa ni ufunguo wa ofisi. Watu hawagombei ufunguo wa kitu kisicho na maana.

Leo timu zote mbili zinafanyia mazoezi kwingine, Yanga Kigamboni, Simba Bunju. Kaunda imemezwa na maji ya bonde la Msimbazi mara nyingi kiasi kwamba nyasi zimesahau kazi yake. Uwanja wa kisasa pale Jangwani umetangazwa zaidi ya mara moja, picha zikachorwa, mashabiki wakashangilia picha. Lile jengo la zamani lisilo na mbwembwe ndilo limebaki limesimama likiitwa makao makuu.

Ugonjwa huo wa picha umeshuka hadi vijijini. Timu ikipata mdhamini wa uchaguzi, yule anayekuja na mipira minne na ahadi, jambo la kwanza ni kuchorwa jengo: ukumbi, ofisi tatu, duka, vyoo sita. Msingi unachimbwa, mawe yanapangwa, picha zinapigwa. Uchaguzi unapita. Msingi unaota nyasi, mbuzi wanalala. Hakuna anayethubutu kujenga kibanda juu yake kwa sababu "tulipanga jengo la kisasa". Miaka kumi hivyo.

MITA NANE KWA TANO

Fundi yeyote wa Lushoto akiambiwa ajenge chumba cha kubadilishia nguo hatahitaji mchoro wa mjini. Tuseme mita nane kwa tano. Mita moja ya mbele iwe baraza, urefu wote. Zinabaki mita nane kwa nne: chumba cha mita tatu kwa nne cha wenyeji, kingine sawasawa cha wageni, na katikati chumba chembamba cha mita mbili kwa nne, ambacho siku ya mechi ni cha waamuzi na siku nyingine ni stoo yenye kabati.

Mita tatu kwa nne ni kidogo? Zungusha benchi la ubao ukutani, acha mlango: unapata karibu mita 13 za kukalia. Mpe kila mchezaji nusu mita ya makalio. Kikosi cha 18 kinakaa na kocha anabaki na nafasi ya kufokea katikati.

Vifaa vya huku vinajulikana. Mawe ya msingi yapo kila kona ya mlima. Tofali za kuchoma zinafyatuliwa vijijini. Mbao za paina na sipresi zinatoka kwenye miti ya kupandwa, na Shume wana shamba la miti la serikali, kwa hiyo hakuna sababu ya mtu kuingia na panga kwenye msitu wa asili wa Magamba. Kama tofali hazijatosha, anzeni na mabanzi, kama kibanda umiza. Kinachohitaji pesa taslimu ni bati, misumari, saruji kidogo, kitasa na simtanki.

Simtanki lisisahaulike. Milima ya Usambara inapata mvua, na bati ni shamba la maji. Paa la mita za mraba 40 likinyeshewa milimita 10 tu, yaani mvua moja ya jioni ya kawaida ya masika, linakusanya karibu lita 400. Hizo ni ndoo 20 za lita 20. Wachezaji wananawa tope, jezi zinafuliwa palepale, na mama zao hawabebi tena ndoo kwa ajili ya timu. Bila mfereji wa bati kwenye ukingo wa paa, maji hayohayo yanachimba msingi wa kibanda. Ni kuchagua.

Choo kiwe pembeni, shimo na mlango unaofungwa kwa ndani. Mlango huo una maana kubwa kuliko unavyodhani, hasa kwa timu za wasichana. Kijana wa kiume anaweza kubadilisha bukta nyuma ya mkaratusi, aibu ikaisha. Msichana hawezi, na hatakiwi aombwe. Wengi wanakuja uwanjani wamevaa jezi ndani ya gauni, wanacheza, wanarudi nyumbani na jasho lao kilomita mbili kwenye baridi, na siku zao za mwezi zikifika hawaji kabisa. Kocha analalamika mahudhurio. Taifa linataka wachezaji wa Twiga Stars kutoka kila wilaya, na wilayani kunakosekana mlango wenye komeo.

UFUNGUO AKAE NA NANI?

Kujenga ndiyo kazi rahisi. Vibanda vingi vya michezo nchini vilijengwa vikafa. Mwaka wa kwanza vinang'aa, wa pili mlango umeng'olewa, wa tatu bati zimehamia kwenye zizi la mtu. Kitu kinachofunguliwa mara mbili kwa mwezi hakina mwenyewe.

Hapo ndipo gofu wamewazidi watu wa soka akili. Nyumba yao haiishi kwa mashindano, inaishi kwa chai. Shimo la 19 linafunguliwa hata siku ambayo hakuna mechi. Kuna mtu anachemsha maji, anafagia, anaona nani kaingia na nani katoka na mkoba wa nani. Kwa hiyo baraza la mita moja pale mbele siyo pambo. Apewe mama wa chai na maandazi, asitozwe kodi, masharti yake yawe kufagia na kushika ufunguo mmoja. Ufunguo wa pili akae nao katibu. Jumamosi na Jumapili waweke dishi na televisheni kwenye chumba cha wageni, wenye mapenzi na Arsenal wakae hapo badala ya kule barabarani, kiingilio kinunue rangi ya kuchora uwanja. Watakaosema klabu ya soka isigeuzwe kibanda umiza waulizwe chumba kile kinafanya kazi gani siku tano nyingine za wiki.

Mtihani mwingine ni ardhi. Viwanja vingi vya huku ni vya shule au vya serikali ya kijiji, na hata Mkwakwani ya Tanga mjini ni mali ya CCM. Timu inayojenga bila karatasi inamjengea mtu mwingine. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, msimamizi wa ardhi ya kijiji ni halmashauri ya kijiji, na wanakijiji wana mkutano wao mkuu. Kwa hiyo jambo linapelekwa huko, linajadiliwa, linaandikwa kwenye muhtasari, unapigwa mhuri: eneo fulani, mita kadhaa, matumizi ya michezo, kwa timu zote zinazotumia kiwanja. Kama ni shule, mwalimu mkuu na kamati ya shule wawemo tangu mwanzo, na siku za masomo wanafunzi watumie vyumba hivyohivyo. Mwalimu mkuu aliyeshirikishwa ni mlinzi wa bure. Aliyerukwa ni adui mwenye uwezo wa kufunga geti siku ya fainali.

Na timu yenyewe isajiliwe kwa msajili wa vilabu vya michezo chini ya Baraza la Michezo la Taifa, vinginevyo jengo litaandikwa jina la mwenyekiti kwa sababu hakuna jina jingine la kuandika. Wadau wa soka la wilaya wanajua kesi za namna hiyo huishia wapi. Huishia kwa watoto wa mwenyekiti kupangisha.

Timu tatu ndani ya chumba kimoja zitagombana? Zitagombana. Kabati liwe na milango mitatu na kufuli tatu, kila timu na yake. Makombe yakae juu, kwenye rafu moja, yaonekane, ya timu zote pamoja. Kijana wa miaka 12 akiingia kuchota maji ayaone, asome mwaka ulioandikwa, aulize nani alifunga. Saa hizi akitaka kuliona lile kombe la mbuzi inabidi kwanza awe ndugu wa mwenyekiti.

Kiangazi ndicho wakati wa kufyatua tofali milimani, kabla udongo haujawa uji. Tanuri moja la kuchomea likiwashwa na vijana wa timu mbili, wakapokezana kulikesha, msingi unaweza kuwa tayari vuli ikianza na bati likapandishwa kabla ya masika. Kiroba cha jezi, mpaka jana jioni, kilikuwa bado chini ya kitanda.